Kuizima jenereta ya chuo: mwongozo wa sola na jiko safi kwenye bewa la Pwani

Stima ikipotea Malindi, kimya hakidumu. Jenereta huanza kunguruma moja baada ya nyingine, hotelini, benki, na ile iliyo nyuma ya maktaba ya chuo. Nimesimamia majengo ya chuo mjini hapa kwa miaka mingi, na kilichonisukuma kwenye kazi hii ni moshi wa dizeli kuingia chumba cha mtihani huku wanafunzi wakijifunika pua kwa kalamu mkononi. Nawaandikia wenzangu: wasimamizi wa majengo na mafundi wa vyuo vya Malindi, Kilifi na Lamu, pamoja na viongozi wa wanafunzi ambao kila mwaka huuliza mbona paa zetu ziko tupu na jua ndilo hili.

Hatua ya kwanza: tafuta moshi unatoka wapi

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya paneli. Uliza kwanza kaboni yenu inatoka wapi, kwa sababu jibu la Kenya si jibu la nchi inayochoma makaa ya mawe. Katika kila uniti kumi (uniti ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja) zinazopita kwenye nyaya za taifa, yaani gridi, takriban tisa zinatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mito, upepo na jua. Kule Marsabit, kando ya Ziwa Turkana, kuna minara 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Hapa kwetu, Langobaya, shamba la sola la megawati 40 limekuwa likiingiza umeme kwenye gridi tangu Desemba 2021. Na ule mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Lamu ulifutiwa leseni ya mazingira mwaka 2019, baada ya watu wa Lamu kuupinga kwa miaka bila kuchoka. Tunawadai shukrani.

Maana yake ni kwamba uniti ya gridi ina moshi kidogo. Moshi wa chuo uko mahali pawili: kwenye jenereta na jikoni. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Ubaya unazidi jenereta kubwa inapobeba mzigo mdogo. Jenereta ya kVA 60 inayowasha taa, friji za maabara na kompyuta chache, tuseme kilowati tano, bado inaweza kunywa lita nne au tano kwa saa. Stima ikikatika saa sita usiku na kurudi asubuhi, umechoma lita karibu thelathini kwa kazi ambayo betri ingeifanya kimyakimya.

Kwa hiyo jipeni lengo moja lenye kuonekana kwa macho: jenereta isiwake. Sola inayopunguza bili peke yake ni jambo zuri kwa mhasibu, lakini inayoizima jenereta ndiyo inayopunguza kaboni. Maamuzi yote yanayofuata nimeyapima kwa kipimo hicho.

Hatua ya pili: daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme ni mali. Nunua daftari gumu na ulifunge kwa kamba kwenye chumba cha mita. Kwa siku kumi na nne, wikendi zikiwemo, mtu asome mita saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili, saa sita, saa kumi na moja jioni, saa nne usiku na saa nane usiku. Usiruke usomaji wa usiku. Pembeni andikeni jenereta imewaka saa ngapi na imekunywa lita ngapi. Bili za miezi kumi na miwili zikusanye pia, maana chuo wakati wa likizo si chuo wakati wa muhula.

Usomaji wa saa nane tulimpa mzee wa lindo, na yeye ndiye aliyetufumbua macho. Siku ya nne alinisubiri langoni.

"Mwanangu, mita hii hailali."

"Hailali vipi, mzee?"

"Saa nane za usiku inakimbia kama mchana. Watu wamelala, yenyewe inakwenda."

Tulizunguka na tochi usiku huo. Chumba cha kompyuta kilikuwa kimefungwa kwa kufuli na viyoyozi viwili vinapuliza nyuzi kumi na sita. Pampu ya maji ilikuwa inasukuma bila kukoma kwa sababu boya la tangi la juu limevunjika na maji yanamwagika nyuma ya bweni. Boya jipya na saa ya kuzimia viyoyozi viligharimu kidogo kuliko paneli mbili, na mzigo wetu wa usiku ukashuka kabla hatujanunua kitu chochote cha sola. Kila uniti unayoiokoa usiku ni betri ambayo hutainunua, na betri ndiyo ghali.

Katika kupunguza sitakaa sana: taa za LED kote, feni mpya zinazotumia wati thelathini hivi badala ya sabini na tano, rangi nyeupe juu ya mabati, na madirisha yanayofunguka yapokee upepo wa kusi. Waliojenga nyumba za kuta nene za mawe ya matumbawe walijua hewa inavyopita, na majengo yetu ya vioo vilivyofungwa yameisahau elimu hiyo.

Hatua ya tatu: hesabu

Chukua mfano. Daftari linasema chuo kinatumia uniti 300 kwa siku ya muhula, na 180 kati yake zinatumika kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Pwani yetu, kilowati moja ya paneli iliyowekwa vizuri hutoa takriban uniti nne kwa siku ukishatoa hasara za joto, vumbi na waya. Kilowati 40 zitakupa kama uniti 160. Hizo ni paneli 73 za wati 550. Kila moja ina eneo la mita za mraba 2.6 na uzito wa karibu kilo 28, kwa hiyo unahitaji paa la mita za mraba 250 ukiacha njia za kupita fundi, na tani mbili za mzigo bila kuhesabu reli.

Mbona nisishauri 60? Kwa sababu wikendi na likizo umeme huo hauna mlaji. Kanuni za mwaka 2024 zinaruhusu kuurudisha umeme wa ziada kwenye gridi, lakini unahesabiwa nusu tu ya uniti ulizopeleka. Strathmore kule Nairobi waliweka kilowati 600 mapaani mwaka 2014, lakini hicho ni chuo kikubwa cha jiji. Jenga kulingana na daftari lako, na uache nafasi ya kuongeza. Na hesabu zako zifanye kwa mwezi wa Mei, mawingu ya masika yanapotanda. Ukihesabu kwa jua la Februari utajidanganya.

Mitambo midogo ya upepo sitaizungumzia zaidi ya hili: hewa ya chumvi hula bearingi zake, majengo na miti huvuruga upepo, na fundi wa kupanda mnara hapatikani siku unayomhitaji. Pesa hizo ziongeze kwenye betri.

Hatua ya nne: paa, chumvi na minazi

Hapa ndipo mifumo mingi ya Pwani inapofia, na hapa nataka uende polepole.

Nenda Gongoni uangalie mashamba ya chumvi. Jua na upepo vinakausha maji ya bahari hadi yabaki mawe meupe. Jua hilo ndilo unalotaka kulivuna, na chumvi hiyo ndiyo inayokaa juu ya kila bolti utakayofunga. Mkandarasi wa kutoka bara anaweza kuwa fundi hodari na bado asilijue hili. Kwenye masharti ya zabuni andika wazi: paneli ziwe na cheti cha jaribio la ukungu wa chumvi, IEC 61701, reli ziwe za alumini iliyopakwa kinga, bolti na nati ziwe chuma cha pua cha daraja 316, si 304. Kwa macho zinafanana. Mwambie alete karatasi ya kiwanda, na uweke mfano mmoja wa bolti ofisini. Mahali alumini inapogusana na chuma cha aina nyingine, pawe na kipande cha plastiki au mpira katikati, la sivyo chumvi itazifanya metali hizo ziliane.

Kabla ya reli, paa lenyewe. Paneli huishi miaka 25. Mabati yenu yana miaka mingapi iliyobaki? Panda juu na fundi seremala, gonga mbao, tafuta mchwa, angalia misumari iliyoota kutu. Kama mabati yamekwisha, yabadilishe kwanza, maana kuzishusha paneli 73 baada ya miaka mitano ili ubadilishe mabati ni gharama ya pili. Paa la makuti usiliwekee paneli kabisa. Ni moto unaosubiri cheche. Jenga kivuli cha kuegeshea magari, uziweke hapo. Kwa wenzetu wa Lamu, dari za boriti kwenye nyumba za kale zipimwe na mhandisi kabla ya kilo moja kuongezwa, na kwa kuwa Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, ongeeni na watu wa Makavazi ya Taifa kabla ya kuweka kitu kitakachoonekana kutoka barabarani.

Kuhusu upande: Malindi iko karibu nyuzi tatu kusini mwa ikweta, jua hupita karibu utosini, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba paa lako halifai kwa vile linatazama mashariki na magharibi. Kaskazini ni bora kidogo tu. Kilicho muhimu ni mwinamo wa nyuzi kumi hadi kumi na tano, mvua iteremshe vumbi na mavi ya ndege. Paneli iliyolala bapa hukusanya tope kwenye ukingo wa chini, na tope hilo ni kivuli.

Kivuli ni adui asiyeonekana kwenye karatasi za hesabu. Kivuli cha kuti moja la mnazi kikipita juu ya paneli moja kinaweza kuvuta chini mstari mzima uliounganishwa nayo. Simama juu ya paa saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi, na uchore kivuli cha kila mnazi, mvinje na mkilifi. Usiikate miti ovyo, kwani miti hiyo ndiyo inayopoza madarasa, hamisha paneli. Ila mnazi unaoinamia paa ni hatari ya aina nyingine. Dafu likianguka kutoka mita kumi na tano hupasua kioo. Mpigie mkwezi aangue kabla ya mafundi kuanza, na tena kila baada ya miezi mitatu.

Acha nafasi ya sentimita kumi hadi kumi na tano kati ya paneli na mabati, upepo upite chini. Kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 inapunguza nguvu ya paneli kwa asilimia 0.35 hivi, na paneli ya Malindi saa saba mchana hufika nyuzi sitini. Zaidi ya sehemu moja ya kumi imekwenda na joto. Chumba cha betri na inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa paneli uweze kutumika majengoni, kiwe upande usiotazama bahari, chenye kivuli na hewa.

Halafu athi, yaani waya na fimbo za kuupeleka ardhini umeme uliovuja. Mchanga wetu mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo moja fupi ya athi haitoshi. Pima ukinzani wa ardhi wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu kabisa. Kipimo cha wakati wa masika kitakupa matumaini ya uongo.

Hatua ya tano: inveta ya aina gani

Chuo kimoja ninachokijua kiliweka paneli nyingi, sherehe ikafanywa, utepe ukakatwa. Tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima, jua lilikuwa linawaka kesho yake asubuhi na chuo kilikuwa kimya. Paneli zilikuwa nzima. Inveta zao zilikuwa za kuungana na gridi tu, na inveta ya aina hiyo hujizima yenyewe gridi ikipotea, ili isipeleke umeme kwenye waya ambao fundi wa Kenya Power anaushika nguzoni. Ni kinga ya uhai, wala si kasoro. Kasoro ilikuwa kwamba hakuna aliyewaeleza wakati wa kununua.

Nunua inveta mseto, inayoweza kujitenga na gridi na kuendelea kulisha majengo kwa paneli na betri. Kisha gawanya saketi za chuo mara mbili kwenye bodi: mizigo isiyozimwa (friji za maabara na zahanati, seva, taa za mabweni na njia, pampu moja ya maji) na mizigo inayosubiri (viyoyozi, karakana, pasi). Bila mgawanyo huu, betri yoyote utakayonunua itamalizwa na viyoyozi kwa saa moja.

Kwa mizigo isiyozimwa ya kilowati tano kwa saa sita unahitaji uniti 30. Betri za lithiamu aina ya fosfeti ya chuma ukizitumia asilimia themanini, nunua uniti 40. Zile za asidi ni rahisi dukani, lakini ukitaka zidumu hutakiwi kuzishusha zaidi ya nusu, na joto letu huzifupishia umri haraka. Nimebeba betri za asidi nyingi mno zilizokufa kabla ya mwaka wa tatu. Sizishauri tena.

Sheria, kwa ufupi

Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, umeme wa kujitumia usiozidi megawati moja hauhitaji leseni ya uzalishaji. Fundi ndiye anayehitaji leseni: dai cheti cha EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi na petroli, cha daraja T3, kinachohusu mifumo iliyoungwa na gridi na ile mseto. T1 na T2 ni za mifumo midogo ya nyumbani. Kenya Power wapewe michoro kabla ya kuunganisha.

Hatua ya sita: jikoni

Tulipomwendea mpishi mkuu na habari za kuacha kuni, alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Mwanangu, mimi moto ukinikosa saa kumi ya alfajiri, watoto hawa hawali. Nionyesheni kwanza, kisha mniondolee kuni."

Alikuwa na haki, na tangu siku hiyo hilo ndilo shauri langu: onyesha kwanza. Anza na maharagwe. Yaloweke usiku, uyapike katikati ya mchana kwenye masufuria makubwa ya presha ya umeme, sola ikiwa na ziada. Maharagwe ndiyo yanayokula kuni nyingi kuliko chakula kingine chochote jikoni, na ni chakula kinachovumilia kupikwa leo kikapashwa moto kesho. Sima ya watu mia tatu iachie moto wake wa sasa mpaka wapishi wenyewe waseme wako tayari. Wapime kuni kwa mizani kila siku, waandike. Mpishi wetu alipoona rundo la wiki linafika siku kumi, alidai sufuria la pili mwenyewe.

Baada ya hapo fikirieni bayogesi. Joto la Pwani linawafaa vijidudu vinavyotengeneza gesi, hawahitaji kupashwa kama kule Limuru kwenye baridi. Mita moja ya ujazo ya bayogesi ina joto sawa na karibu nusu kilo ya gesi ya mtungi, nayo hupatikana kwa kilo 25 hadi 30 za samadi mbichi ya ng'ombe, au kwa mabaki ya chakula machache kuliko hayo. Maji ya sabuni kali, dawa za choo na maji ya chumvi yasiingie kwenye mtambo, yanawaua vijidudu. Kuunganisha vyoo vya mabweni kunawezekana kiufundi, lakini hilo si jambo la fundi kuamua. Kaeni na wapishi, wanafunzi na viongozi wa dini, wazungumze suala la unajisi kwa uwazi. Wakikataa, mabaki ya jikoni na samadi ya wafugaji jirani yanatosha kuanzia.

Hatua ya saba: matunzo yaandikwe kabla ya malipo

Kuna kampuni zitakazoweka mfumo bure na kukuuzia umeme wake kwa uniti kwa miaka kumi na mitano au ishirini. Kama chuo hakina fedha, ni njia halali. Soma tu kifungu cha betri, maana wengi huuza umeme wa mchana pekee, na jenereta yako itabaki pale pale. Ukinunua mwenyewe, tenga fedha za matunzo kila mwaka kwenye bajeti, na dai mkandarasi awafundishe mafundi wawili wa chuo na wanafunzi wa umeme kwa vitendo, si kwa karatasi.

Kuosha ni kila wiki mbili wakati wa kaskazi, mvua isiponyesha na vumbi na chumvi vikishikana. Masika yanaosha yenyewe. Osheni alfajiri kioo kikiwa baridi, kwa kitambaa laini. Na maji yawe ya mvua au ya bomba: visima vingi vya mjini ni vya maji ya chumvi, na ukiosha paneli kwa maji ya kisima umeipaka chumvi upya. Tumeweka tangi la kuvunia mvua kwa kazi hiyo tu. Kunguru nao wanapenda kutua ukingoni. Waya mwembamba uliovutwa juu ya ukingo umewafukuza kwetu. Kila miezi sita kaza bolti, fungua viunganishi vichache uangalie kama vimegeuka kijani, na linganisha uniti za mwezi huu na za mwezi kama huu mwaka jana.

Hatua ya nane: siku ya kupokea

Usitie sahihi ya kupokea kazi mchana jua likiwaka, kwa sababu mchana kila mfumo unaonekana mzima. Mwite mkandarasi jioni. Betri zikiwa zimejaa, saa nne usiku zima swichi kubwa ya gridi mbele ya kila mtu na uondoe ufunguo wa jenereta. Mzee wa lindo akae na daftari, aandike kiwango cha betri kila saa. Nenda mwenyewe ushike mlango wa friji ya maabara, usikilize pampu, upite mabwenini uone taa. Saa kumi alfajiri, wapishi wanapoingia, jikoni kuwe na mwanga. Betri ya mfano wetu, ikibeba kilowati tano, inapaswa kufika saa hiyo bado ina akiba. Ikiwa imekwisha, mkandarasi arudi bodini atafute mzigo uliojipenyeza kwenye saketi zisizozimwa, na jaribio lirudiwe usiku mwingine. Ikiwa imefika, rudisha swichi, andika saa na kiwango cha betri daftarini, kisha utie sahihi.